Daftari lililokatwa kati

(Mazungumzo ya redio ya wiki hii, kama yalivyosomwa.)

Wiki hii nawaomba tuzungumze juu ya jambo ambalo watu wazima hulitazama kama jambo dogo, kwa kuwa linawahusu watoto. Nalo ni ule ukarimu ambao mtoto humfanyia mtoto mwenziwe aliyepatwa na shida, hasa yule wa nchi nyingine, ambaye hamjui wala hana udugu naye, na pengine hata lugha yake haielewi. Watu wengi husema kwamba mtoto hana cha kutoa. Chakula anacholaliwa nacho ni cha baba yake, na nguo anayovaa ameshonewa na mama yake. Sasa yeye atatoa nini? Nami nasema anacho. Nimekwisha kuona kwa macho yangu.

Mimi nilisoma shule ya msingi Nakapanya. Kwa msikilizaji asiyepafahamu, Nakapanya ni kijiji cha Tunduru, mkoani Ruvuma, upande wa mashariki, kwenye njia iendayo Masasi. Ni nchi ya korosho, muhogo na mbaazi. Ukielekea kusini unafika mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Kwenye ramani mto huo ni mpaka wa nchi mbili. Kwa wazee wetu ulikuwa mto tu, kwa maana Wayao wako huku na huko, Wamakua wako huku na huko, na Wamakonde vile vile. Mtu aliweza kuwa na shamba upande mmja na mjomba upande wa pili, asione ajabu yoyote.

Ilikuwa katika miaka ya mwisho ya 1980. Huko Msumbiji vita baina ya serikali ya FRELIMO na jeshi la RENAMO vilikuwa vimekwisha kula zaidi ya miaka kumi. Shule na zahanati zilichomwa moto, njia zilitegwa mabomu, watu wakaanza kukimbia. Vita vile vilipokwisha, ilihesabiwa kuwa Wamsumbiji wapatao milioni moja na laki saba walikuwa wamekimbilia nchi za jirani. Malawi peke yake iliwapokea zaidi ya milioni moja. Sisi wa Tanzania tulipokea makumi ya maelfu. Baadhi yao walipelekwa katika makazi maalumu, kama yale ya Likuyu. Lakini wengi hawakuandikishwa mahali popote. Walivuka mto usiku wakiwa na vifurushi kichwani, wakaingia vijijini, wakauliza ndugu zao wako wapi.

Basi asubuhi moja mwalimu wetu aliingia darasani akifuatana na mvulana wa umri wetu. Alikuwa amevaa shati la mtu mzima, mikono imekunjwa mara tatu. Kiswahili hakukijua. Alikuwa akisema Kiyao, ambacho nusu ya darasa tulikisema nyumbani na kukatazwa shuleni. Mwalimu alimwonyesha mahali pa kukaa, akageuka akaanza kuandika hesabu ubaoni. Sisi sote tukainama tukaandika. Yule mgeni akabaki ameweka mikono juu ya dawati, akitazama ubao. Hakuwa na daftari wala penseli.

Nawakumbusha, ndugu wasikilizaji, hali ilivyokuwa wakati ule. Nchi yetu ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, ikaingia katika uhaba wa kila kitu. Sabuni ilitafutwa, chumvi ilitafutwa, kitenge kilitafutwa. Daftari lilikuwa mali. Mtoto alipewa moja, akaambiwa aandike kwa herufi ndogo ndogo, mbele na nyuma, hata kwenye jalada. Penseli ilikatwa vipande viwili ili ndugu wawili waitumie.

Katika dawati lililo mbele yangu alikaa msichana mmoja. Jina lake sitalitaja, maana yeye hakufanya aliyoyafanya ili atangazwe redioni. Alimtazama yule mgeni kwa kitambo, akafungua mfuko wake, akatoa wembe wa kuchongea penseli. Akaliweka daftari lake mezani, akalikata katikati, juu hata chini, kama mtu akatavyo mkate. Nusu akaifunga uzi, akampa yule mvulana. Kisha akakata penseli yake, akampa kipande. Hakusema neno. Akarudi kwenye hesabu zake.

Mwalimu aliona, akanyamaza. Sisi tuliona, tukanyamaza.

Sasa nitasema jambo ambalo sijapata kulisema hadharani. Siku ile mimi nilikuwa na penseli mbili. Moja ilikuwa mkononi, na ya pili, nzima kabisa, ilikuwa mfukoni mwa kaptula yangu, nimeletewa na baba mdogo aliyefanya kazi Masasi. Nilipomwona yule msichana akikata penseli yake pekee, nilitia mkono mfukoni nikaishika ile yangu. Nikaishika kwa nguvu. Sikuitoa.

Yule msichana aliporudi nyumbani mama yake alimfokea. Tulimsikia, kwa kuwa nyumba zetu zilikuwa jirani. "Wewe mtoto, daftari hilo limenunuliwa kwa korosho! Nani amekutuma ulikate?" Mtoto akajibu, "Hakuna aliyenituma, mama. Hana." Mama akauliza, "Nani hana?" Akaambiwa. Akauliza mtoto huyo anakaa kwa nani, ametoka kijiji gani, mama yake yuko wapi. Akajibiwa kuwa anakaa kwa shangazi yake, na mama yake haijulikani aliko. Hapo kelele zikakoma. Siku za baadaye, wakati wa mapumziko ya saa nne, tuliwaona wale watoto wawili wakienda pamoja kunywa uji nyumbani kwa mama yule yule aliyefoka.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinanisaidia kupambanua mambo mawili ambayo tumezoea kuyachanganya. Kuna mchango, na kuna kutoa. Mchango unaamriwa. Mtoto anarudi nyumbani na kikaratasi, anamwambia baba, "Mwalimu amesema kila mtu alete shilingi kadhaa." Baba anaguna, anatoa, mtoto anapeleka, jina linatiwa alama. Simlaumu mwalimu, wala sisemi michango haina kazi. Madarasa mangapi nchini yamejengwa kwa michango! Lakini tusidanganyane kwamba mtoto huyo amejifunza ukarimu. Alichojifunza ni kubeba pesa ya baba yake kutoka nyumbani hadi shuleni. Kutoa ni pale mtoto anapopunguza kilicho chake, kwa hiari yake, na kesho yake akauona upungufu huo. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Walijua walilolisema.

Pengine msikilizaji atasema kwamba yule msichana alimsaidia aliyemwona kwa macho, na kwamba kumsaidia mtoto aliye mbali, ng'ambo ya bahari, ni jambo jingine. Ni kweli kuna tofauti. Lakini hebu nieleze habari moja inayoiunganisha Tunduru yetu na nchi ya theluji, nanyi mtaona kwamba tofauti hiyo si kubwa kama tunavyodhani.

Miaka ishirini kabla ya yule mvulana kuingia darasani kwetu, Tunduru ilikwisha kuwapokea watoto wa Msumbiji. Hiyo ilikuwa wakati wa vita vya ukombozi. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na vita dhidi ya Wareno vikaanza tarehe 25 Septemba 1964. Wakimbizi wa wakati ule walipewa ardhi Rutamba huko Lindi, na katika mkoa wetu Muhukuru na Mputa. Huko Tunduru FRELIMO ilikuwa na kituo cha elimu kwa ajili ya watoto, wengi wao wakiwa wametenganishwa na wazazi wao au wamefiwa. Mama mmoja aliyehangaika sana na malezi ya watoto wa vita alikuwa Josina Machel, mkuu wa idara ya mambo ya jamii ya FRELIMO. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, akiwa na miaka 25 tu, na hadi leo siku hiyo ni Siku ya Wanawake huko Msumbiji.

Elimu ya watoto wale ilihitaji fedha. Fedha hizo zilitafutwa na Taasisi ya Msumbiji, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1963 na kuongozwa na Janet Mondlane, mke wa Dk. Eduardo Mondlane. Miongoni mwa waliochanga, ndugu wasikilizaji, walikuwemo wanafunzi wa shule za sekondari za Finland. Finland ni nchi ya kaskazini kabisa ya Ulaya, ambako wakati wa baridi jua huchomoza kwa saa chache tu. Wanafunzi wale walikuwa na utaratibu wao. Siku moja katika mwaka hawaendi darasani. Kila mmoja anatafuta kibarua: huyu anafagia majani uani kwa mtu, huyu anaosha vyombo, huyu anapanga bidhaa dukani. Ujira wa siku hiyo hauingii mfukoni mwake. Unakwenda kwa watoto wa nchi nyingine waliochaguliwa mwaka huo. Norway walianza utaratibu kama huo mwaka 1964, na Sweden walikwisha kuwatangulia. Basi kuelekea mwaka 1970 wanafunzi wa Finland waliichagua Taasisi ya Msumbiji. Si wakubwa wote kwao waliopendezwa. Walikuwako waliosema ati watoto wanatumiwa kuwasaidia wapiganaji wa msituni. Watoto wakafanya kazi vile vile.

Ona uzuri wa jambo hilo. Hawakwenda kwa baba kuomba. Walishika ufagio. Kama ambavyo msichana wa Nakapanya alitoa daftari lake mwenyewe, wale walitoa jasho lao wenyewe. Baina ya wembe wa Nakapanya na ufagio wa Finland, mimi sioni tofauti.

Na kwa nini watoto wa nchi ile walikuwa wepesi wa kuelewa? Nadhani sababu moja ni hii. Wazazi wao walikuwa wamepata kuwa watoto wa kuhurumiwa. Katika vita vikuu vya pili Finland ilipigana na jirani yake mkubwa, na watoto wapatao 70,000 walipelekwa Sweden kukaa na watu wasiowajua, shingoni wamefungwa kikaratasi cha jina. Vita vilipokwisha, nchi yao ilikuwa miongoni mwa zile zilizopokea msaada wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuwahudumia Watoto, UNICEF. Tumezoea kuliona shirika hilo likija kwetu na magari meupe, tukadhani liliundwa kwa ajili ya Afrika. Sivyo. Liliundwa Desemba 1946 kwa ajili ya watoto wa Ulaya iliyobomolewa na vita. Marekani nako kuna siku, mwisho wa Oktoba, ambapo watoto huvaa vinyago na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Mwaka 1950 watoto wachache wa jimbo la Pennsylvania walibadili ombi lao. Badala ya peremende wakaomba sarafu kwa ajili ya watoto wenzao walioathiriwa na vita. Siku ile walipata dola 17. Desturi hiyo ikaenea nchi nzima, na imekusanya mamilioni ya dola.

Nasi hapa Tanganyika tuliwahi kuwa wenyeji wa watoto wa Kizungu wasio na kwao. Msikilizaji wa Arusha anapajua Tengeru. Kuanzia mwaka 1942 waliletwa hapo Wapoland wapatao 5,000, wengi wao akina mama na watoto, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na kupelekwa Siberia, wakapitia Uajemi, ndipo wakafika chini ya mlima Meru. Walijengewa vibanda vya duara vya makuti, wakaweka shule na kanisa, na makaburi yao yapo hadi leo. Kwa hiyo yule mtoto tunayemwita "mwenye bahati mbaya" hana rangi maalumu, wala hana bara lake. Leo ni wa Poland, kesho wa Finland, kesho kutwa wa Msumbiji.

Na wa kwetu je? Tusijidanganye kwamba sisi ni watoaji siku zote. Wazee wa Songea wanajua kwamba baada ya vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, Wajerumani walipochoma mashamba na maghala hata njaa ikaua watu wengi kuliko risasi, wako Wangoni waliovuka Ruvuma kwenda kusini. Mmoja wao alikuwa Nkosi Chabruma wa Mshope mwenyewe, akafia huko huko. Na karibu zaidi, Januari 2001, baada ya umwagaji damu wa Pemba, Wazanzibari zaidi ya 2,000 walivuka bahari kwa mashua na kuhifadhiwa Shimoni, nchini Kenya. Walikuwemo watoto. Watoto wa Tanzania, nchi ya amani, walikula chakula cha wageni katika nchi ya wageni. Ya leo kwako, kesho kwangu.

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua, na ambalo ndilo lililonifanya nizungumze leo.

Mwezi Mei 2010 lilifunguliwa daraja kubwa juu ya mto Ruvuma, kati ya Mtambaswala kwetu na Negomano kwao. Limepewa jina zuri, Daraja la Umoja. Anayetoka Tunduru kwenda darajani anapita Nakapanya. Sisi tuliokulia huko tulifurahi sana, tukasema sasa mto umekuwa njia. Miaka saba baadaye, Oktoba 2017, yakaanza mapigano mapya katika jimbo la Cabo Delgado. Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa, watu wakakimbia kila upande. Wako waliokimbilia kaskazini, kama baba zao na babu zao walivyokimbilia. Na mwaka huo huo shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilieleza kwamba watu zaidi ya 9,000 waliotafuta hifadhi Tanzania walirudishwa kwao kwa nguvu, wakipitishwa Negomano. Yaani upande wa pili wa Daraja la Umoja.

Sitaki nieleweke vibaya. Serikali ina wajibu wa kulinda raia wake. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilishambuliwa na watu waliotoka ng'ambo ya mto, na Watanzania wenzetu wakauawa. Mwenye nyumba iliyoingiliwa hulala na mlango amefunga, na hakuna wa kumlaumu. Lakini mwenye hekima hutofautisha mwizi na jirani anayemkimbia mwizi. Mtoto wa miaka saba aliyeshikwa mkono na bibi yake si mpiganaji. Naye mtoto wetu, aliyesimama kando ya barabara akitazama lori lililojaa watoto wenziwe likirudi kusini, anajifunza somo. Hatumfundishi sisi kwa maneno. Lile lori ndilo linalomfundisha. Anajifunza kwamba mtu mwenye shida ni mzigo, na kwamba mzigo hurudishwa ulikotoka. Atakapokuwa mkubwa, akawa ofisa, au mwalimu, au mwenye duka, somo hilo atakuwa nalo.

Watu watasema, nami nimesikia wakisema, "Sisi wenyewe ni maskini, tutawezaje kuwafikiria watoto wa Msumbiji, au wa Kongo, au wa Burundi?" Wako hata wanaosema kwamba umaskini wa Mtwara na Ruvuma umetokana na ukarimu wa miaka ile: ndege za Wareno zilivuka mpaka, mabomu yalitegwa njiani, maendeleo yakachelewa huku wengine wakisonga mbele. Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake. Watu wa kusini walilipia uhuru wa wengine, na hesabu hiyo hawajaletewa fedha yake. Lakini nauliza, yule mama wa Nakapanya alipompa mtoto wa watu bakuli la uji, je, watoto wake walikufa njaa? Hawakufa. Walikunywa uji mwepesi zaidi kidogo. Wahenga walisema pia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengine hudhani methali hiyo ni ya kumfukuza mgeni. Mimi naisikia vingine. Ukimpa mtu jembe umempa na shamba. Umemwambia kaa, ulime, ule chako. Na hivyo ndivyo ilivyofanyika Muhukuru, Mputa na Rutamba.

Basi tufanye nini na watoto wetu, hasa sisi tunaoishi mijini, ambao watoto wetu wana madaftari kumi na mawili na kalamu za rangi zisizohesabika? Nina mashauri matatu, nayo si makubwa.

La kwanza, mtoto atoe kilicho chake. Akitaka kumsaidia mtoto wa mbali, asipewe noti na baba yake ili aikabidhi kwa tabasamu. Apewe kazi. Aoshe gari la jirani, auze maembe ya uani, asaidie dukani siku ya Jumamosi, halafu ujira wake autoe. Au aache soda ya wiki moja, ajue koo linavyokauka. Na kitu kitolewacho kiwe kizima. Nimeona shule zikikusanya nguo kwa ajili ya wakimbizi, na ndani ya magunia mna kaptula zisizo na vifungo na viatu vya mguu mmoja. Huko si kutoa, ni kusafisha kabati. Yule msichana hakutoa nusu iliyokwisha kuandikwa. Alitoa kurasa nyeupe.

La pili, mtoto amjue anayempa. Asiambiwe tu kwamba kuna "maskini wa Afrika" au "wakimbizi". Aambiwe nchi yao iko wapi, afungue ramani aione, aambiwe vita vilianzaje, aambiwe kwamba watoto hao wanaimba, wanacheza mpira wa matambara, na wanajua hesabu kumshinda. Na tuziangalie picha tunazowaonyesha. Mtoto mwenye kamasi na inzi machoni hupigwa picha ili wenye nacho watoe machozi na fedha. Fedha inapatikana, lakini heshima inakwenda zake. Yule mvulana wa Nakapanya, baada ya miezi michache, alikuwa wa pili darasani katika hesabu. Mimi nilikuwa wa tisa.

La tatu linatuhusu sisi wakubwa. Pesa ya mtoto ni amana. Shule, kanisa, msikiti au chama kikikusanya sarafu za watoto, ni lazima kiwarudie watoto hao na kuwaambia: tulipata kiasi hiki, tukanunua vitu hivi, vikafika mahali hapa. Mtu mzima akiibiwa mchango wake hukasirika, kisha husahau, kwa kuwa amezoea. Mtoto akiibiwa mchango wake hasahau. Huweka nadhiri kimya kimya kwamba hatatoa tena. Mwizi wa sarafu kumi ya mtoto amemwibia taifa mtu mmoja mkarimu.

Ndugu wasikilizaji, namalizia nilikoanzia. Mkataba wa amani ya Msumbiji ulitiwa sahihi Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Katika miaka iliyofuata wakimbizi walianza kurudi. Asubuhi moja mvulana yule hakuonekana. Wakati huo tulikwisha kumaliza darasa la saba. Shangazi yake alikwenda naye, na kibanda chao kikaota magugu. Sijui kama aliendelea na masomo, wala sijui kama yu hai, maana kijiji alichotoka kiko upande ule ule wa mto ambako watu wamekimbia tena.

Yule msichana sasa ni mama mwenye wajukuu. Mwaka mmoja nilipokwenda kijijini nilimkumbusha habari ya daftari. Alicheka, akasema hakumbuki. Nilishangaa sana. Mimi, ambaye sikutoa kitu, nakumbuka kila kitu: wembe, uzi, shati lenye mikono iliyokunjwa. Yeye aliyetoa amesahau. Nimefikiri juu ya jambo hilo kwa siku nyingi, nikaona kwamba ndivyo ilivyo. Kilichotolewa kwa moyo hakimlemei mtu. Hukiacha pale alipokitoa, akaenda zake. Kinacholemea ni kile ulichokishika.

Ile penseli yangu ya pili, sikumbuki hata niliandikia nini.

Usiku huu, kabla watoto wenu hawajalala, waulizeni darasani kwao kuna nani asiye na daftari. Waulizeni ametoka wapi. Na mtoto akikuambia kwamba amekwisha kumpa lake, tafadhali, usifoke.